Mfungieni Mwizi Nje, Msitufungie Sisi Ndani

Barua ya wazi kwa wenye nyumba za kupangisha wa Dar es Salaam na mafundi wa magrili

 

Dalali akikuonyesha chumba katika jiji hili, maneno yake karibu yote ni ya usalama. Hujauliza maji yanatoka siku gani, ameshakwambia: "Dada, hapa usiogope. Geti la chuma, fensi, madirisha yote yana grili, mama mwenye nyumba anakaa hapahapa." Anagonga nondo kwa kidole ili usikie zilivyo nene. Nami, kama wapangaji wenzangu, naitika na kuridhika. Niliwahi kukataa chumba kizuri chenye maji ya bomba kwa sababu tu grili lake lilikuwa jembamba. Swali ambalo sijasikia mtu akimuuliza dalali ni hili: mlango huu ukishika moto, tunatokea wapi?

Nawaandikia nyinyi, si mkuu wa mkoa wala waziri, kwa sababu jambo lenyewe liko mikononi mwenu. Mmoja anatoa pesa, mwingine anakata chuma, na hapo katikati yenu ndipo inapoamuliwa kama familia tano zilizolala zitaweza kutoka usiku wakati mlango haupitiki. Wala sisemi mng'oe nondo. Hata mimi silali nyumba isiyo na nondo. Naomba katika kila chumba cha kulala kuwe na grili moja linalofunguka kwa ndani, na ufunguo wa geti usilale mtaa mwingine na watu waliofungiwa.

Najua tumefikaje hapa. Woga wetu si wa kuchekwa. Anayelala nyumba ya chini anaijua ile fimbo ndefu iliyofungwa ndoano mwishoni. Saa tisa usiku inapenya polepole kati ya nondo, inachana wavu wa dirisha, inanyanyua suruali kwenye msumari pamoja na simu iliyomo mfukoni. Asubuhi unaikuta suruali uani, mifuko imegeuzwa nje. Basi tumejifunza. Simu inalala chini ya mto. Nguo hazitundikwi mkabala na dirisha. Joto la Januari na liwe joto, dirisha linafungwa. Mlango una komeo juu na komeo chini, kisha kufuli, na wapo wanaosukumia kochi juu ya yote hayo. Choo kikiwa cha nje, ndoo inaingizwa ndani mapema, maana hakuna mwanamke atakayefungua mlango saa nane usiku kwa sababu ya haja ndogo. Ukichelewa kurudi, unampanda bodaboda wa kijiwe unachokijua, na bado unamtumia mdogo wako namba ya pikipiki. Mkoba unakaa upande wa ukuta, si upande wa barabara, kwa ajili ya wale wanaopora huku pikipiki inakwenda. Hakuna aliyetuandikia kanuni hizi. Mama anamfundisha binti, jirani anamfundisha mgeni.

Kisha kuna misimu ambayo woga unapanda. Mwanzoni mwa Januari 2015 uvumi kwamba vijana wa genge la Panya Road wanakuja ulitosha kufunga maduka na kukimbiza watu mitaa mizima jioni moja. Wengi waliokimbia hawakumwona hata kijana mmoja mwenye panga. Septemba 2022 haukuwa uvumi. Makundi yaliingia majumbani na mapanga, yakajeruhi, yakaua, na polisi wakafanya operesheni. Wiki zilizofuata mashine za kuchomelea zilinguruma mtaani kwetu hadi usiku. Milango ya mbao ikavishwa milango ya chuma. Madirisha yenye magrili ya zamani ya maua yakaongezewa ya pili kwa nje, ya vyuma vya mraba. Jirani yangu mmoja alifunga grili hadi kwenye tundu la hewa la chooni, na sikumlaumu.

Lakini ukizitazama nyumba hizi kwa jicho la mtu anayetaka kutoka, utaona tumejisukia dema, lile la wavuvi: kuingia kuna njia moja, kutoka hakuna kabisa. Kila chuma tulichoongeza tulikiongeza tukimfikiria mtu mmoja tu, mwizi. Na si ajabu. Mwizi ana sura, ana genge lenye jina, anatangazwa redioni, anasimuliwa saluni. Moto tunauona kama bahati mbaya ya mtu mwingine. Ukiungua mtaa wa pili tunakwenda kuona, tunachanga, tunarudi kufunga makomeo.

Waliolipa gharama ya kusahau huku ni watoto wa shule. Machi 1998 katika sekondari ya wasichana ya Bombolulu, Kwale, nchini Kenya, wasichana 26 walikufa bwenini. Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Vyanzo vya moto huwa havifanani: wa Kyanguli uliwashwa makusudi kwa petroli, na ule wa Idodi, Iringa, uliowaua wasichana 12 Agosti 2009, ulielezwa kuanzia kwenye mshumaa. Lakini Bombolulu na Kyanguli zilifanana kwa jambo moja, mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Mabweni hufungwa namna hiyo kwa nia njema, mtoto asitoroke na mtu wa nje asiingie. Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008 unaosema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na nondo na yafunguke kwa nje, na mlango usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Mwongozo peke yake haumtoi mtoto bwenini. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Endarasha, Nyeri. Hata hivyo, umeandikwa, na mzazi anaweza kuushika mkononi akamuuliza mwalimu mkuu. Sisi wapangaji tunamuuliza nani? Nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, kila chumba watu wanne, kwa hesabu ya moto ni bweni.

Watu hudhani moto unaua kwa kuunguza. Mara nyingi moshi huwa umeshamaliza kazi. Godoro la sponji likishika, linatoa moshi mzito wenye sumu, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huenda asiamke hata kukohoa, anazidi tu kulala. Ndiyo hewa ileile inayowaua wanaoingiza jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi huko Mbeya na Arusha, tena bila kuungua hata shuka. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye godoro, mapazia, kapeti na mifuko ya nguo hakihitaji nusu saa. Ni dakika chache tu na mlangoni hapapitiki.

Na mapishi nayo yamehamia chumbani. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono. Nimeshalizwa vya kutosha na moshi wa mkaa. Ila mpangaji wa chumba kimoja hana jiko. Mtungi wake wa kilo 6 unakaa chumbani, hatua mbili kutoka kitandani, na mara nyingi unakaa upande wa mlango kwa kuwa hapo ndipo penye upenyo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani ikatoka, inatambaa sakafuni na kujaa chini. Mtu anaamka usiku, ananusa kitu, na mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi. (Ukinusa, usiguse swichi wala kiberiti. Fungua mlango, funga mtungi, toka.) Mtungi ulio mlangoni maana yake ni kwamba moto ukianza, utaanzia kwenye njia pekee tuliyoachiwa.

Nyumba moja niliyowahi kupanga, geti lilifungwa saa nne usiku, iwe mvua iwe jua. Mwenye nyumba alikuwa mama wa huruma nyingi na masharti mengi zaidi. Alikuwa na ufunguo mmoja na hakutaka uchongwe wa pili, akihofia mpangaji atampa mpenzi wake. Siku hiyo umeme ulikatika magharibi. Kijana wa chumba cha mwanzo alikuwa anapiga pasi. Giza lilipomkuta akaiacha pale kwenye nguo, kitandani, akafunga mlango kwa kufuli akaenda kwa rafiki yake, akalala hukohuko. Umeme ulirudi usiku wa manane, sote tumelala. Kilichotuamsha ni harufu. Tukatoka ukumbini, tukakuta moshi unatoka chini ya mlango wenye kufuli kwa nje. Tukakimbilia geti, limefungwa. Mama yuko msibani Mbagala, ufunguo uko kwenye pochi yake. Baba mmoja mpole, fundi cherehani, alijaribu kumpitisha mwanawe kati ya nondo za geti. Kichwa kikakwama, mtoto akapiga kelele, akamrudisha. Aliyetuokoa ni jirani wa nyuma, alitupitishia tindo na nyundo juu ya ukuta uliopandwa chupa zilizovunjwa. Mtu akazima umeme kwenye swichi kuu, tukavunja kufuli la chumba, godoro tukalimwagia mchanga na maji. Hakuna aliyeumia. Asubuhi kikao kilikaa, na ajenda ikawa nani atalipa kufuli lililovunjwa. La geti halikuzungumzwa. Mama aliporudi alisikitika sana, akanunua kufuli kubwa zaidi.

Mafundi, sasa nawageukia nyinyi, maana mwenye nyumba akija kwenu huwa na vipimo vya dirisha tu kichwani. Mnampa daftari la picha achague maua, almasi au mistari. Mnakata, mnachomelea, mnapiga rangi ya kuzuia kutu, mnakwenda kuchimbia miguu ya grili ukutani na kuifunika kwa saruji. Mkimaliza, chuma na ukuta vimekuwa kitu kimoja. Mtu wa ndani hawezi kulitoa bila zana, na hakuna anayelala na zana. Naomba mfanye hivi kwa dirisha moja la kila chumba cha kulala: ile fremu ibaki imechimbiwa vilevile, lakini katikati kata kijilango ambacho mabega ya mtu mzima yanapenya. Kitundikeni kwa bawaba nzito, pini zake mzichomelee ncha ili zisichomolewe. Komeo liwe upande wa ndani, mbali na pale mkono wa mtu wa nje unapofika, na mlikinge kwa kipande cha bati nene ili ile fimbo yenye ndoano isilifikie. Komeo, narudia, si kufuli. Mwenye nyumba aking'ang'ania kufuli, basi mmwambie ufunguo utundikwe kwenye msumari ndani ya chumba hichohicho, pasipoonekana toka dirishani, na mtoto mdogo kuliko wote aliyemo ajue ulipo. Tena angalieni kijilango kinafungukia wapi. Nimeona kimoja kilichotengenezwa vizuri kabisa, kikifunguliwa kinagonga tanki la maji na kuishia upana wa kiganja.

Najua mnajua kuyafanya haya. Mnatengeneza mageti yenye kijilango kidogo cha kupitia watu, na hayo ni magumu zaidi. Hamjaambiwa tu. Ninachowaomba ni muwe wa kwanza kusema. Mteja akichagua maua, muulizeni: "Na la kutokea tuliweke chumba gani?" Swali hilo likiulizwa na fundi lina uzito ambao mpangaji hana.

Wenye nyumba, hoja yenu naijua. Mzee mmoja aliniambia, tukiwa tumekaa barazani kwake, kwamba grili lenye mlango ni kumwekea mwizi mlango. Ni hoja ya mtu aliyewahi kuibiwa, naiheshimu. Lakini mwizi wa nyumba zetu anatafuta ukimya na haraka. Dirisha ambalo komeo lake halionekani wala halifikiki toka nje halimpi lolote ambalo hilo jingine halimpi. Mlango wa mbele nao una bawaba na komeo, na tumeuamini miaka yote. Hoja ya gharama sitaizungusha. Bawaba mbili, komeo, bati na kazi ya nusu siku: mnapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima, na kila mpangaji akihama mnapaka rangi upya ili kupandisha kodi. Siku hiyo ya rangi mwiteni na fundi.

Kuhusu geti nina ukali kidogo. Kumfungia mtu mzima ndani na kuondoka na ufunguo si ulinzi. Mnahofia wageni wa usiku, mnahofia mpangaji atahama kimyakimya na deni la kodi. Hayo yana dawa yake, iandikeni kwenye mkataba. Kila kaya iwe na ufunguo wake. Mpangaji mnayemwamini kukaa na watoto wenu uani, mwaminini na ufunguo.

Sisi wapangaji nasi tuna yetu, msije mkadhani nimeandika kulalamika tu. Tunajaza korido pikipiki, ndoo, majiko na mashine za kufulia mpaka mtu anapita upande. Tunachomeka friji, pasi na chaja tatu kwenye ekstensheni moja ya bei ya chee. Pasi tunaiacha kwenye soketi umeme ukikatika, na hiyo nimeshaisimulia. Kochi tunalosukumia mlango tunalisukuma kwa nguvu za mchana. Usiku, gizani, kwenye moshi, jaribuni kulivuta.

Kuna anayesema tusubiri Zimamoto. Namba yao ni 114, iwekeni kwenye simu, na ipigwe mara moja, si baada ya kumaliza kurekodi video. Lakini tuwe wakweli juu ya mitaa yetu. Lori la zimamoto haliingii vichochoro vya Manzese, Tandale au Keko, ambako watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Watakaofika kwanza ni majirani na ndoo, mchanga na nyundo. Na jirani anayeokoa ni yule anayeweza kusikia na kuona. Wazee wa Kariakoo na Ilala walikaa barazani jioni, kila mpita njia akasalimiwa na kuulizwa anakwenda kwa nani. Mwizi alikuwa na kazi ngumu hapo hata bila nondo. Leo baraza ziko ndani ya ukuta, na ukuta umepanda hata anayepiga kelele ndani hasikiki vizuri nje. Sina mashaka kwamba ukuta mrefu humsaidia pia mwizi akishauruka. Ila hilo ni la barua nyingine, wajumbe wetu wa mtaa wajiandae.

Nyumbani kwangu nimefanya ninayoyaweza bila ruhusa ya mtu. Mtungi nimeuhamisha mbali na mlango, meza ya televisheni ikasogea, mume wangu akanuna siku mbili. Ufunguo wa mlango wa chuma unatundikwa sehemu moja tu, na anayeuhamisha anaosha vyombo. Wanangu wanajua kwamba moshi ukijaa wanashuka chini na kutambaa, hewa nzuri iko huko, na kwamba hakuna kurudia simu wala daftari. Tulijaribu usiku tukiwa tumezima taa. Mdogo alicheka njia nzima, lakini mlango aliupata.

Kilichobaki siwezi kukigusa, kwa kuwa nyumba si yangu. Dirisha la chumba cha watoto liko upande wa uchochoro, grili lake lote limechimbiwa, na kitanda kiko chini yake. Nimemwita fundi wa pale njia panda, amelipima kwa utepe, amesema asubuhi moja inatosha na bei ametaja mbele ya mume wangu. Mzee mwenye nyumba, barua hii utaisoma pamoja na wenzako, kwa hiyo sitakutaja. Niko tayari nusu ya gharama itoke mfukoni kwangu na nisiidai hata nikihama. Fundi ana nafasi Jumamosi. Nasubiri uniambie ndiyo.

Wako katika kodi,
Mpangaji, Tabata